Kuligeuza trela la jeshi kuwa kambi ya porini: mwongozo kwa barabara za Uganda

Trela la jeshi lina sifa moja ambayo matrela mengi ya dukani hayana: lilitengenezwa livutwe na dereva asiyelionea huruma. Bodi yake ni chuma kinene, springi zake ni ngumu, na pete yake ya kuvutia hujigeuza kila upande gari linapoinama kwenye korongo. Kwa mtu anayetaka kupeleka familia kwenye mbuga kama Kidepo au Ishasha bila kujaza gari hadi dari, ni kitu kizuri sana kuwa nacho. Lakini wengi wanaoniletea matrela yao gereji huwa wameshanunua hema, friji na taa kabla ya kufungua hata gurudumu moja. Mimi naanzia kwenye magurudumu. Hema linakuja mwishoni, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kutoa pesa

Utakutana na aina mbili kubwa. Kuna ya Uingereza, yaliyoundwa kuvutwa na Land Rover, ambayo watu huyaita Sankey kwa jina la kiwanda. Na kuna ya Marekani: M416, dogo, la robo tani, lililotengenezwa kwa ajili ya jipu la M151, na M101, la robo tatu ya tani. M416 likiwa tupu lina uzito wa kilo 260 hivi, na jeshi liliruhusu kubebeshwa kilo 227 tu nje ya barabara. M101 tupu linapita kilo 600, na porini hubeba 680. Zikumbuke namba hizi. Mtu akiona chuma kile kinene hudhani trela litabeba chochote.

M416 lina jambo lingine la kupendeza. Bodi yake haipitishi maji, kwa hiyo linaweza kuelea, na sakafuni kuna vizibo vya kutolea maji. Ukilikagua, tafuta vizibo hivyo kwanza. Vikiwa vimeshika kutu kabisa, sakafu imekaa na maji miaka mingi, na kutu utaikuta chini ya rangi. Gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga.

Halafu makaratasi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Uganda si nchi ya kuchezea vitu vya jeshi. Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na vifaa vilivyotengwa kwa jeshi, na askari wa kizuizi cha barabarani hatajua kwamba trela lako lilitoka kwenye mnada Uingereza. Kwa hiyo lazima uwe na karatasi inayoonyesha lilivyouzwa kihalali huko lilikotoka, karatasi za forodha, na usajili wa trela lenyewe. Muuzaji akikuambia "makaratasi yanakuja", subiri yaje, ndipo utoe pesa. Siku ya kwanza likiwa mikononi mwako, futa namba na alama zote za jeshi, kisha lipake rangi ya kiraia: nyeupe, rangi ya mchanga, au buluu. Rangi ya kijani cha jeshi inawapendeza vijana kwenye picha, lakini mimi siipaki kwa mteja yeyote, hata akiniongezea pesa.

Hatua ya 1: Fungua habu zote mbili, hata kama umeambiwa zimefunguliwa

Trela langu la kwanza niliuziwa na mtu aliyeniapia kwamba habu, yaani vitovu vya magurudumu, zimefunguliwa, zimeoshwa na kutiwa grisi mpya. Nikamwamini. Kati ya Kotido na Kaabong niliona kwenye kioo gurudumu la kushoto linayumba. Nikasimama. Harufu ya grisi iliyoungua ilinifikia kabla sijafika nyuma. Nilitema mate kwenye kofia ya habu, yakachemka palepale. Nilikuwa nakwenda kuchukua dumu la maji nilipoitwa na mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe kando ya barabara: "Kijana, acha! Chuma moto kikimwagiwa maji kinapasuka. Kaa, kipoe."

Tulikaa. Kilipopoa nikafungua. Kwa juu kulikuwa na grisi mpya nyekundu, imepakwa kama siagi kwenye mkate. Chini yake grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama nta, rangi ya kahawia, na vyuma vya beringi vimegeuka buluu. Buluu ile maana yake ni joto lililokwisha kuua ugumu wa chuma. Beringi mpya ilipatikana Moroto, baada ya siku mbili na nauli ya bodaboda ambayo sitaisahau.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Inua trela kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara, jeki peke yake haitoshi. Toa kofia, pini ya kufungia, nati, beringi ya nje, kisha habu nzima. Osha kila kitu kwa dizeli hadi chuma kionekane, halafu kausha kwa kitambaa. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa. Sasa ipeleke penye mwanga na uizungushe polepole kwa kidole. Ukiona kidoa cheusi, shimo dogo kama lililochomwa na sindano, au rangi ya buluu, itupe pamoja na kikombe chake kilichomo ndani ya habu. Beringi na kikombe ni jozi, hukai na kimoja ukabadilisha kingine. Oili sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie, badilisha kila mara, hata kama inaonekana nzima. Bei yake ni ndogo.

Kutia grisi kuna namna yake. Weka donge la grisi ya joto kali kiganjani, kisha gandamiza upande mpana wa beringi kwenye donge hilo, mara baada ya mara, hadi uone grisi inachomoza upande wa pili kati ya kila roli. Ukipaka juu tu, umefanya kama yule muuzaji wangu. Aina moja ya grisi, usichanganye na nyingine.

Unaporudisha, kaza nati huku unalizungusha gurudumu hadi liwe zito, ilegeze kabisa, kisha ikaze tena kwa vidole tu, tia pini au kunja kibati cha kufungia. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Lisigonge, lakini lizunguke bila kusita.

Soma namba zilizochongwa kwenye beringi na oili sili, uziandike kwa rangi ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Nunua seti moja zaidi. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, zinapatikana, porini hazipatikani.

Hatua ya 2: Magurudumu ya trela yafanane na ya gari

Hili ni jambo la kutumia pesa bila kusikitika. Gari na trela vikitumia rimu moja na tairi la ukubwa mmoja, spea mbili ulizobeba ni spea za magurudumu yote sita. Na kama umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia unalingana, trela linapita kwenye njia ileile ambayo gari limekwisha kuikanyaga. Kwenye udongo mweusi wa Karamoja mvua ikinyesha, trela lenye upana tofauti linachimba mitaro yake miwili mipya, na gari lako linavuta kama ng'ombe wa jembe.

Tatizo ni mashimo ya bolti. Land Rover na Sankey hutumia bolti 5 kwenye duara la milimita 165.1. Hilux, Prado na Surf, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, zina bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser za 70 zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina bolti 5 kwenye duara la 150. Kwa hiyo usifikiri bolti 5 ni bolti 5.

Nimeona fundi akitoboa mashimo mapya katikati ya yale ya zamani. Usikubali. Habu iliyotobolewa hivyo inabakiwa na nyama kidogo mno kati ya shimo na shimo. Njia ninayoiamini ni kubadilisha ekseli nzima: chagua habu zinazolingana na gari lako, kisha fundi wa lezi, mashine ya kuchongea chuma, akuchongee ncha zake na kuziunganisha na bomba nene la chuma. Katwe, Kampala, kuna watu wanaoifanya kazi hii vizuri sana. Mpe vipimo kwa maandishi, na kabla hajachomelea mara ya mwisho, pima kutoka kwenye pete ya kuvutia hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili visipolingana, trela litakwenda upande na kula tairi.

Hatua ya 3: Pete, minyororo na breki

Pete ya jeshi iache. Watu huikata ili waweke kikombe cha mpira wa milimita 50 (tufe la chuma nyuma ya gari), kisha wanashangaa kwenye korongo la kwanza. Mpira huo ni mzuri kwenye lami, lakini una kikomo cha kujigeuza. Pete ndani ya ndoano yake inageuka hadi trela likilala ubavu gari linabaki limesimama. Inapiga kelele, ni kweli, na inataka kupakwa grisi. Kagua unene wake kwa kaliba. Iliyolika upande mmoja itafutiwe nyingine. Ongeza minyororo miwili ya usalama, uivushe iwe kama herufi X chini ya mkono wa kuvutia.

M416 na M101 hazina breki za mwendo, zina breki ya mkono tu. Sankey zina breki inayojikamata trela linaposukuma gari. Kwangu mimi, trela litakalofika kilo 750 pamoja na mzigo haliondoki gereji bila breki. Fikiria kuteremka kutoka Kapchorwa na mzigo huo nyuma yako, breki za gari zikibeba kila kitu peke yake. Tumia gia ndogo tangu juu ya mlima. Mtu anayetafuta gia ndogo katikati ya mteremko ameshachelewa.

Hatua ya 4: Kuchomelea

Kabla ya kugusa mashine, chomoa plagi inayounganisha trela na gari, au afadhali liondoe gari kabisa. Umeme wa kuchomelea ukipitia gari unaua kompyuta yake na altaneta.

Usichomelee chochote kwenye springi wala jirani nayo, kwa sababu joto linaipokonya ugumu. Kwenye chasisi, ukiongeza kipande usikichomelee kukatiza mbavu ya juu au ya chini ya chuma. Mpasuko huanzia hapo. Panapowezekana funga kwa bolti. Trela lililofungwa kwa bolti unaweza kulitengeneza Kaabong kwa spana mbili.

Neno moja kwa vijana wa gereji. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa, moshi wake mweupe unaleta homa na kubana kifua usiku. Tunakunywa maziwa tukiamini yanasafisha. Maziwa hayaendi kwenye mapafu. Saga zinki yote pembeni mwa pale unapochomelea, fanyia kazi nje penye upepo, vaa barakoa ya kweli. Nimewazika wenzangu waliokuwa wakikohoa tangu nikiwa mwanafunzi wao, kwa hiyo nalisema hili kwa uchungu.

Ukimaliza: redi oksaidi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi mbili za juu. Chini ya trela usisahau.

Hatua ya 5: Umeme

Trela la jeshi mara nyingi lina mfumo wa volti 24 na plagi ya pini 12. Ng'oa nyaya zote. Usijaribu kuokoa kitu. Weka plagi ya kawaida ya pini 7, taa za LED za volti 12, na kwa kila taa vuta waya wake wa ardhi hadi kwenye plagi. Ukiitegemea chasisi kuwa ardhi, baada ya msimu mmoja wa mvua indiketa zitaanza kuwaka pamoja na breki. Rifrekta ziwe nyingi, nyekundu nyuma, pembeni pia. Malori ya usiku barabara ya Gulu hayatakuona kwa namna nyingine.

Kama unataka betri ya pili kwa ajili ya friji, fanya hesabu ya waya. Kutoka betri ya gari hadi trela ni kama mita 7, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo 14. Kwa waya wa milimita za mraba 4, ukivuta ampea 20 unapoteza karibu volti 1.3 njiani, na betri haitajaa hata ukiendesha siku nzima. Kwa waya wa 16 unapoteza 0.3 tu. Weka fyuzi kila mwisho, kwa sababu waya huo una betri pande zote mbili.

Sola ni rahisi kwetu. Tuko kwenye ikweta, jua liko utosini, kwa hiyo paneli inalazwa karibu bapa. Iinamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi.

Hatua ya 6: Mzigo uwekwe wapi

Trela linaloyumba halitokani na barabara, linatokana na mpangilio. Asilimia 10 ya uzito wote, au kidogo zaidi, inatakiwa ilale kwenye ndoano ya gari. Uzito ukiwa nyuma, trela linainua mkia wa gari na kuanza kucheza kushoto kulia, na ukishika breki kwa hofu linazidi.

Kupima ni rahisi, mizani ya kupimia watu inatosha. Chukua ubao mgumu. Mwisho mmoja uweke juu ya tofali, mwisho mwingine juu ya mizani, katikati ya viegemeo hivyo pawe na sentimita 150. Soma uzito wa ubao peke yake. Sasa teremsha pete ya trela kwenye ubao, sentimita 50 kutoka kwenye tofali. Toa uzito wa ubao, zidisha kwa 3, hiyo ndiyo namba yako. Trela la kilo 600 lisome kilo 60 hadi 80. Pima likiwa limejaa kama siku ya safari, na likiwa sawasawa kama linavyokaa nyuma ya gari.

Maji yakae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Wateja huniomba tangi kubwa la kudumu, nami huwashauri jerikani za njano za lita 20. Tangi likiwa nusu maji yanarushana kila unapopiga kona. Jerikani tatu ni kilo 60 unazojua zilipo. Moja ikipasuka utapata nyingine kwenye senta yoyote yenye duka na kisima, na mtoto wako anaweza kuibeba ikiwa nusu. Betri na vifaa vizito viwe sakafuni. Juu weka magodoro na nguo.

Vumbi linaingia kwenye mlango wa nyuma hata ukiweka mpira mzuri, kwa sababu trela likienda nyuma yake hunyonya. Dawa ni kuweka tundu dogo lenye kichujio juu mbele, linaloelekea upepo, ili hewa safi ijaze ndani na kulisukuma vumbi nje.

Jiko na hema

Jikoni weka sanduku linalofungwa kwa komeo la kweli. Nyani wa Ziwa Mburo wanajua kufungua kila kitu kisichokuwa na komeo. Sigiri moja, mtungi mdogo wa gesi umesimama wima nje ya bodi, ubao wa kukatia unaokunjwa. Basi. Matunda usiyabebe Kidepo yakiwa wazi, tembo huyanusa kutoka mbali.

Hema la juu linafaa likikaa chini kadiri inavyowezekana, juu ya fremu inayolingana na kingo za bodi, siyo juu ya nguzo. Kila sentimita unayolipandisha inafanya trela liwe jepesi kupinduka kwenye mteremko wa pembeni. Ndiyo maana nimeliacha mwisho: sasa unajua trela lina uzito gani, limebakiwa na kilo ngapi, na hema gani linaingia kwenye kilo hizo. Mwenye M416 mara nyingi anagundua kwamba hema la kilo 70 linamlia karibu theluthi ya mzigo wote. Huyo achukue turubai nzuri iliyoshonwa na mafundi wa malori, alale chini kwenye hema la kawaida.

Kulijaribu

Usianze na Kidepo. Asubuhi moja nenda Kayabwe, pale penye mstari wa ikweta, urudi. Simama baada ya kilomita 20, na tena baada ya 50, ukaguse kila habu kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono pale, ifungue. Kaza nati za magurudumu kila unaposimama siku hiyo.

Safari ya pili iwe Ziwa Mburo, usiku mmoja. Viboko hutoka majini usiku kula majani hadi kambini, kwa hiyo panga trela ili mlango wa hema na gari vitazamane, mtu asizunguke gizani akienda haja. Kwenye changarawe mimi nashusha upepo wa tairi za trela hadi psi 22 hivi na sipiti kilomita 50 kwa saa. Ukifika mtoni baada ya mwendo mrefu, subiri nusu saa kabla ya kuvuka. Habu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia oili sili, na wiki mbili baadaye beringi inalia.

Ukirudi nyumbani, kabla hujaoga, fungua vizibo vya sakafu na uliache trela limeinama mbele usiku mzima.